Kampuni Iliyojiita Familia

Nilipopata kazi katika ile kampuni ya kusafirisha vifurushi, mama yangu, ambaye alifundisha shule ya msingi maisha yake yote na kuzeeka bila hata godoro la maana, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Sasa uko mahali pazuri. Usitoke pale." Na kweli, siku zile sikuona sababu ya kutoka. Kampuni ilikuwa kubwa, yenye matawi katika miji mingi ya nchi. Depo yake ya Bukavu ilikuwa Ibanda, kwenye barabara inayoteremka kuelekea ziwani. Kazi yangu ilikuwa kupanga njia. Vifurushi, ambavyo sisi tunaviita koli, vilifika asubuhi kwa lori na kwa boti, nami nikaamua motari yupi abebe nini: nani apande Kadutu, nani ateremke Nguba, nani aende bandarini kukabidhi mizigo ya kisiwa cha Idjwi, nani ashuke hadi Luvungi kule bondeni.

Mtu asiyeujua mji wetu anaweza kufikiri kazi ya motari ni kuendesha pikipiki tu. Kwetu nyumba hazina namba. Koli inaandikwa "kwa maman wa mkaa, nyuma ya kanisa, pembeni ya ukuta ulioanguka", na ukuta wenyewe ulishajengwa upya. Lazima uwajue watu, na watu wakujue. Hilo linachukua muda, na ndiyo sababu kampuni ya zamani ilijua kuwashika wafanyakazi wake.

Iliwashika kwa mambo ya kawaida kabisa. Saa sita mchana kulikuwa na chakula, maharage na fufu, na Ijumaa sambaza, vile visamaki vya ziwani, vyote vilivyopikwa uani na maman mmoja aliyetugombeza wote kama watoto wake. Mvua zilipokaribia, kila motari alipewa koti la mvua na buti. Mfanyakazi akiugua, au mke wake, au mume, au watoto, alitibiwa hospitalini na kampuni ikalipa. Mtoto akizaliwa, tulitumwa na kitenge na sabuni kwenda kumpongeza mama. Mishahara yetu haikuwa ya kujivunia. Lakini usiku ulilala. Ukisikia mtoto anakohoa, hukuanza kuhesabu vyombo vya kuuza.

Halafu akaja mkurugenzi mpya kutoka mji mkuu.

Sitasema alikuwa mtu wa kelele. Alikuwa mpole, anavaa vizuri, anasalimia kila mtu asubuhi, na alipenda sana neno familia. "Sisi hapa ni familia," alisema siku ya kwanza, mkono kifuani. Juma hilohilo sufuria za uani ziliondolewa. Alituambia kwamba chakula kinapoteza muda wa kazi, na kwamba kila mmoja ana uhuru wa kula anachopenda. Uhuru! Maman aliyetupikia alifunga vijiko vyake ndani ya kitenge akaondoka bila hata kuagwa na mtu wa biro, ofisi ya wakubwa. Kuanzia hapo wamotari walikula mandazi wakiwa juu ya pikipiki, au hawakula.

Matangazo yaliandikwa kwa Kifaransa kizuri, na kwa kuwa ni mimi niliyesimama mbele ya wamotari kila asubuhi, ni mimi niliyetakiwa kuyasema kwa Kiswahili. Nilikuwa mdomo wao. Mvua za kwanza zilipoanza, nilitangaza kwamba makoti ya mvua sasa yatakatwa kwenye mshahara. Mvua ya Bukavu, nyinyi mnaoijua! Inayogeuza kilima kuwa mto wa udongo, inayoteremka na mawe! Motari mmoja aliuliza, "Maman, kampuni inauza mvua sasa?" Tulicheka. Siku hizo bado tulicheka.

Aliyeuliza ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa mkubwa kuliko wamotari wote, na wote walimwita Tonton, yaani mjomba. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito ya kwaya ya parokia, na karibu kila motari pale alifundishwa naye kazi. Njia yake ilikuwa upande wa ziwa: mabiro, mabenki, shule, hospitali. Alikuwa ameoa kwa kuchelewa, na mke wake, mtu wa Luvungi, alikuwa na mimba baada ya kupoteza nyingine. Alitupa habari za mke wake kila asubuhi hata tusipomuuliza. Leo amekula ndizi. Leo miguu imevimba. Leo mtoto amepiga teke tumboni wakati padri anahubiri.

Asubuhi moja hakufika. Simu yangu ikalia nikiwa bado nagawa koli.

"Maman," alisema, na ile sauti ya kwaya haikuwepo. "Niko ku lopitali. Uchungu ulianza, na mutoto amekaa mubaya. Munganga anasema bamupasue sasa. Lakini ku mapokezi banasema ati bibi yangu hayuko tena ku kampuni."

"Namna gani hayuko tena?"

"Banasema kampuni iliwaambia batunze mufanyakazi peke. Bibi na batoto, hapana."

Niliacha koli chini nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Njiani nilikuwa na hakika ni kosa la hospitali. Tangazo la namna hiyo lingepita mdomoni mwangu kama mengine yote. Nilifika mapokezi nikianza kugomba, na yule dada wa dirishani, ambaye alinijua, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema taratibu, "Madame, si sisi. Ni nyinyi njo mulikata. Ni zamani kidogo. Wakubwa wenu hawakuwaambia?"

Hawakutuambia. Walikata matibabu ya wake zetu, waume zetu na watoto wetu, wakanyamaza, wakaendelea kutusalimia asubuhi mkono kifuani.

Namshukuru daktari wa siku ile. Alitoka na kofia yake ya upasuaji kichwani, akamwambia dada wa dirishani kwamba mengine yatazungumzwa baadaye, akarudi ndani. Tonton alisimama ameuegemea ukuta. Hakuomba kwa sauti, alisogeza midomo tu. Mtoto alipolia, aliinama akashika magoti yake kama mtu aliyekimbia kutoka mbali. Alikuwa msichana, na mama yake alikuwa mzima.

Furaha yetu ilidumu mpaka siku ya kuruhusiwa. Kila mtu wa mji wetu anajua: mama akizaa na gharama zisilipwe, haondoki. Wanamhamishia kwenye chumba cha wenzake wenye shida ileile, na hapo anakaa, yeye na mtoto wake, mpaka mtu atokee. Sitaki kuwalaumu wauguzi peke yao. Mishahara yao wenyewe inategemea yanayolipwa pale dirishani. Hasira yangu ilijua mlango wake, nami nikaenda kuugonga.

Mkurugenzi alinikaribisha kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Madame," alisema, "hizi avantaji, haya marupurupu, si haki. Ni ukarimu wa kampuni, na ukarimu una mipaka."

"Mbona hamkutuambia kwamba mmekata?"

Alifikiri kidogo, kisha akanijibu kama mtu anayeeleza jambo la busara. "Tuliona kuwaambia kungeleta wasiwasi bure."

Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo masikio yanapata moto. Wasiwasi bure! Yaani walipima: tuwaambie wajipange, au tuwaache wagundue wenyewe mlangoni mwa chumba cha upasuaji? Wakachagua mlango.

"Anaweza kuomba mkopo juu ya mshahara wake," akaongeza.

"Mshahara upi? Ule mliokwisha kuukata koti la mvua?"

Aliangalia simu yake. Nikaelewa kwamba mazungumzo yameisha.

Tonton alirudi kazini, angefanya nini? Na kwa kuwa njia yake ilikuwa ileile, kila siku chache alipeleka makatoni ya glavu na ya dawa katika hospitali ileile iliyomshika mke wake. Siku moja nilimsindikiza, nikiwa na uji ndani ya termosi. Uani, pale akina mama wanapoanika nguo, mke wake alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Tonton alipita mbele yake amebeba katoni yenye rangi za kampuni yetu. Ilibidi kwanza aifikishe farmasi, kwa sababu mzigo ulikuwa na saa yake na simu ya kampuni ilikuwa inaonyesha alipo. Alimpita mkewe, akamwambia, "Nakuya, nakuya," bila kusimama. Mkewe alimtazama akiingia kwenye milango ile, kisha akaendelea kuanika. Nilitamani kuchukua ile katoni niitupe ziwani.

Wenzake walikuwa wameanza kumchangia, kila mmoja kadiri alivyoweza, lakini mishahara yao nayo ilikuwa imekatwa pande zote. Siku moja motari aliyepita hospitalini baada ya Tonton aliona yale niliyoyaona mimi. Kesho yake asubuhi nilipanga njia kama kawaida, nikaziandika ubaoni, nikageuka. Hakuna aliyenyanyua kofia yake ya pikipiki. Walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi wa ua, mmoja pembeni ya mwingine, mikono magotini.

"Maman, leo hatutoki," alisema yule motari. "Mpaka bibi ya Tonton atoke, siye hatutoki."

Tonton mwenyewe hakuwa amejua. Alisimama katikati ya ua na kofia mkononi, anatazama huku na huku. "Bandugu, muache," alisema. "Watawafukuza."

"Batufukuze. Kazi ya namna hii, nayo ni kazi?" yule motari akajibu.

Mkurugenzi alishuka ngazi. Aliwaambia habari za familia. Hakuna aliyeondoka ukutani. Akanigeukia mimi.

"Madame, panga njia."

"Nimeshapanga, ziko ubaoni."

"Basi watoke."

"Mimi kazi yangu ni njia, papa. Kutoka ni kazi yao."

Sijui nguvu ya kusema vile ilitoka wapi.

Kufikia mchana depo ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Kulikuwa na hati za benki, vipuri, katoni za shule, na vitenge vya harusi vya maman mmoja mfanyabiashara wa Kadutu ambaye wageni wake walikuwa wanavisubiri wavishone. Yule maman alikuja mwenyewe, jasho linamtoka, tayari kwa vita. Alianza na wamotari. "Nyinyi muko wavivu gani? Harusi inanifia!" Yule motari akamweleza kisa chote, polepole. Alisikiliza. Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akaniuliza biro ya mkubwa iko wapi, na hakusubiri jibu.

Mlango aliuacha wazi, kwa hiyo ua mzima ulisikia.

"We papa, uko na bibi?"

"Madame, tafadhali—"

"Ninakuuliza, uko na bibi? Akizaa, unamuachaka ku lopitali kama rehani? Mwanaume anakubebea mizigo na mvua, na mutoto wake analala mu gereza ya wagonjwa? Mi nitaita bamaman wote wa soko, tuone nani atakupa koli tena!"

Hakuna mtu uani aliyecheka, lakini migongo ilinyooka. Jioni kabla jua halijatua, kampuni ilipeleka mtu hospitalini kulipa. Wamotari wakavaa kofia na kuondoka na vitenge vya harusi kwanza.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haikuishia. Asubuhi iliyofuata, tulipokwenda kumchukua mke wa Tonton, tulimkuta mkurugenzi ametutangulia, na pamoja naye mpiga picha. Walikuwa na fulana ndogo ya mtoto yenye rangi na alama ya kampuni, na keki. Mpiga picha alikuwa anatafuta mwanga mzuri. Mkurugenzi akatueleza kwamba hii itakuwa nafasi ya kuonyesha umma jinsi kampuni inavyowajali watu wake, kisha akamnyooshea mama fulana, amvalishe mtoto.

Mke wa Tonton alikuwa mtu wa maneno machache. Katika siku zote za kukaa mle sikumsikia akilalamika. Aliitazama ile fulana, akaitazama kamera, akavuta kitenge akamfunika mtoto uso.

"Hapana, papa," alisema. "Mutoto wangu haiko koli."

Akapita katikati yao, mumewe nyuma yake na beseni la nguo, na sisi nyuma ya mumewe. Keki sijui ilikwenda wapi. Picha ilitoka vilevile kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni: mkurugenzi ameshikana mkono na muuguzi fulani aliyeshangaa, na chini yake maneno kwamba familia yetu imepata mgeni, na kampuni imebeba gharama zote. Watu waliweka alama za moyo. Shangazi yangu aliyehama nchi siku nyingi alinitumia ile picha na ujumbe: "Mna bahati na kazi yenu." Nilizima simu nikakaa kitandani.

Matibabu ya familia hayakurudi. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba kile kilikuwa kitendo cha pekee cha utu. Mwisho wa mwezi ule Tonton alirudisha kofia, simu na pikipiki. Nilimwambia abaki kidogo, labda mambo yatageuka.

"Maman," alinijibu, "nilipita mbele ya bibi yangu na katoni mukononi, sikusimama. Kila siku naona ile. Nikibaki nitazoea, na sitaki kuzoea."

Wakahamia Luvungi, kwa wakwe zake, ambako aliingia katika biashara ya kubeba mpunga na nyanya za wakulima wa bonde.

Baada yake wengine walichomoka mmoja mmoja. Motari aliyeanzisha mgomo alikwenda kufanya kazi na wenye maboti ya Idjwi. Mwingine alirudi kubeba abiria. Wapya walikuja, nikawafundisha, na walipoanza tu kuzijua njia wakaondoka, kwa sababu walishaona kampuni ilivyo. Koli zikaanza kupotea. Dawa ya mgonjwa ilipelekwa kwa fundi seremala. Mavazi ya ubatizo yalifika wakati mtoto ameshabatizwa kwa nguo za kuazima. Wateja walinipigia kelele mimi, na mimi nikaomba msamaha kwa niaba ya watu waliokuwa wanakunywa kahawa ghorofani.

Ndipo kampuni ikaona kuna tatizo. Mnajua ilifanya nini? Ilimleta mtaalamu. Kwa ndege, na hoteli ya kando ya ziwa, na chakula cha mchana kwa wakubwa. Tulikusanywa ukumbini, tukapewa fulana mpya, na mtaalamu akaandika kwenye karatasi kubwa: Kwa nini watu hawakai? Akatugawa katika makundi tuchore mti wa uaminifu, mizizi yake na matunda yake. Wale vijana wapya walichora kweli, maskini, kwa kalamu za rangi.

Mimi nilinyoosha mkono. Nilisema tulikuwa na maharage, yakaondolewa. Tulikuwa na makoti ya mvua, yakauzwa kwetu. Tulikuwa na hospitali kwa ajili ya watoto wetu, ikakatwa kimya, na mke wa mwenzetu akashikwa na kichanga chake. Nilisema huo ndio mti wenyewe, na hakuna haja ya rangi. Mtaalamu alinishukuru kwa mchango wangu. Akaandika chini ya swali lake neno moja: mawasiliano.

Mawasiliano! Nilichukua mkoba wangu nikatoka ukumbini, nikaandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo. Mama yangu, aliyeniambia nisitoke pale, alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama yule mtoto ni mzima. Nilipomwambia ni mzima, akaniwekea chakula.

Sasa ninafanya kazi katika sekretarieti ya shule moja ya parokia. Mshahara si mkubwa, lakini tunachangiana kwenye mfuko wa matibabu, na mwanangu aliposhikwa na malaria mwaka huu alipokelewa bila mtu kuniuliza swali la kunitia aibu. Tonton alinipigia siku chache zilizopita. Binti yake anatembea, na anawafukuza bata wa bibi yake uani kutwa nzima. Nilisikia bata wenyewe kwenye simu.

Kampuni bado ipo. Imeweka ubao mkubwa kwenye mteremko, wenye picha ya motari anayetabasamu, na maneno kwamba inatafuta wafanyakazi. Ubao huo umesimama misimu yote, mvua na jua. Mwezi uliopita binti wa jirani yangu, aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani muda mrefu, alikuja kuniuliza kama aombe kazi pale. Sikumkataza. Ana njaa ya kazi, na njaa ya kazi naijua. Nilimwambia siku ya kuitwa awaulize jambo moja tu kabla ya kutia sahihi: mtoto wake akiugua, nani anamtibu. Na jibu likianza na neno familia, anyanyuke kwenye kiti, aseme asante, arudi nyumbani.